MTOTO WA MBWA ANAYETAFUNA VITU

Watu wengi vijijini hufuga mbwa. Mbwa hulinda nyumba usiku. Huenda machungani pamoja na mifugo. Hufukuza nyani na ngedere shambani. Mbwa mzuri ni msaada mkubwa kwa mkulima.

Lakini kabla hajawa mbwa mzuri, huwa mtoto. Na mtoto wa mbwa ana tabia moja inayowaudhi watu wengi. Anatafuna vitu. Anatafuna ndala. Anatafuna mkeka, kamba za kitanda, mpini wa jembe na nguo zilizoanikwa chini. Hata daftari la kisomo likiachwa mkekani, atalitafuna.

Watu wengine hukasirika. Humpiga mbwa huyo kwa fimbo, au humfukuza nyumbani. Mbwa aliyefukuzwa huzurura. Hapati chakula wala chanjo. Mwishoni anaweza kuwa hatari kwa kijiji kizima.

Somo hili linaeleza kwa nini mtoto wa mbwa hutafuna vitu, na jinsi ya kumfundisha. Pia linaeleza dalili za kichaa cha mbwa, ili tusichanganye ugonjwa huo na tabia ya kawaida ya utoto.

1. KWA NINI ANATAFUNA?

Mtoto wa mbwa hatafuni kwa sababu ana roho mbaya. Hajui kwamba ndala ile ilinunuliwa kwa fedha. Anatafuna kwa sababu zifuatazo.

Sababu ya kwanza ni meno. Mtoto wa mbwa huzaliwa bila meno. Meno ya utotoni huanza kuota akiwa na umri wa wiki 3 hivi. Yakitimia huwa 28. Baadaye meno hayo hung'oka yenyewe, na meno ya ukubwani huota mahali pake. Mbwa mzima ana meno 42.

Meno yanapoota, fizi huwasha na kuuma. Sisi tunalijua jambo hili kwa watoto wetu. Mtoto mchanga anapoota meno hutokwa na mate mengi. Hutia mdomoni vidole, nguo, na kila anachoshika. Mtoto wa mbwa hufanya vivyo hivyo. Kutafuna humpunguzia maumivu.

Angalia jedwali hili:

UMRI — HALI YA MENO
Siku ya kuzaliwa — Hana meno.
Wiki 3 — Meno ya utotoni yanaanza kuota.
Wiki 6 hadi 8 — Meno ya utotoni 28 yametimia.
Miezi 4 hivi — Meno ya utotoni yanaanza kung'oka.
Miezi 6 hadi 7 — Meno ya ukubwani 42 yametimia.

Kwa hiyo, miezi ya 4 hadi 7 ndiyo miezi ya kutafuna sana. Katika miezi hiyo unaweza kuona damu kidogo kwenye kitu alichotafuna. Unaweza kuokota jino dogo uwanjani. Usiogope. Jambo hilo ni la kawaida.

Sababu ya pili ni kujifunza. Mtoto wa mbwa hana mikono. Akitaka kujua kama kitu ni kigumu au laini, kitamu au kichungu, hukitia mdomoni. Hupenda zaidi vitu vyenye harufu ya watu. Ndiyo maana huchagua viatu, nguo na mpini wa jembe. Vitu hivyo vina harufu ya jasho la mwenyewe.

Sababu ya tatu ni njaa. Mbwa mdogo anakua haraka, na tumbo lake ni dogo. Akipewa chakula mara moja tu kwa siku, njaa humshika mapema. Hutafuta cha kula popote. Hutafuna ngozi, huiba mayai, na huvuruga taka.

Sababu ya nne ni upweke. Mtoto wa mbwa amezoea kulala na mama yake na ndugu zake. Akifungwa mnyororo peke yake mchana kutwa, hana la kufanya. Hulia, huchimba, hutafuna kamba na mlango wa banda.

2. FIMBO HAIFUNDISHI

Tuchukue mfano. Baba mwenye nyumba anarudi kutoka shambani saa 8 mchana. Anakuta kiatu chake kimetafunwa. Mtoto wa mbwa anakuja mbio kumlaki, huku akitikisa mkia. Baba anachukua fimbo na kumchapa.

Je, mbwa amejifunza nini? Kiatu alikitafuna saa 3 asubuhi. Sasa ni saa 8. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya sasa na kiatu cha asubuhi. Alilofanya sasa hivi ni kumlaki mwenye nyumba. Kwa hiyo anajifunza jambo moja tu: bwana akirudi, jihadhari naye.

Watu wengine husema, "Lakini anajua kosa lake. Ukimtazama anainamisha kichwa, analaza masikio na kufyata mkia." Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alitoa matokeo ya uchunguzi wake. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula chakula fulani, kisha wakatoka chumbani. Waliporudi, wengine waliambiwa kwamba mbwa amekula, hata kama hakula. Mbwa waliokaripiwa ndio walioonyesha uso wa kukosa. Walionyesha uso huo hata kama hawakula chochote.

Maana yake ni hii: uso ule hauonyeshi kwamba mbwa amekiri kosa. Ni woga. Mbwa anaona hasira yetu, naye anajaribu kuituliza.

Mbwa anayepigwa sana huwa mwoga. Mbwa mwoga huuma watu. Basi fimbo inaweza kuharibu mlinzi tuliyetaka kumpata.

3. TUFANYE NINI?

Wahenga walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mbwa hufundishika kwa urahisi akiwa mdogo. Fuata mambo haya.

(a) Usimtoe kwa mama yake mapema mno.
Mwache na mama yake mpaka afikishe wiki 8 hivi. Anapocheza na ndugu zake, huwauma. Akiuma kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Kwa njia hiyo hujifunza kuuma polepole. Anayetolewa mapema hukosa somo hili.

(b) Weka vitu mahali pa juu.
Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, nayo haina gharama. Piga misumari ukutani, utundike viatu. Jenga kichanja cha kuweka vyombo, vitabu na nguo. Anika nguo juu ya kamba. Jembe na panga viwekwe ndani. Kitu ambacho mbwa hakifikii, hawezi kukitafuna. Familia nzima ikubaliane. Mtu mmoja akiacha ndala mlangoni, kazi ya wengine inaharibika.

(c) Mpe kitu chake cha kutafuna.
Mtoto wa mbwa lazima atafune. Huwezi kumzuia kabisa. Unachoweza ni kumchagulia. Chukua vipande vya nguo kuukuu. Visuke kama msokoto wa nywele mpaka viwe kamba nene. Funga fundo kubwa na gumu kila upande. Kiloweshe katika maji baridi, kisha mpe. Ubaridi hutuliza fizi. Kamba ikianza kufumuka, itupe na usuke nyingine, asije akameza nyuzi.

Mfupa mkubwa mbichi wa mguu wa ng'ombe pia unafaa. Uwe mkubwa kuliko mdomo wake. Mpe kwa muda mfupi huku ukimtazama, kisha uuondoe.

Usimpe kiatu kikuukuu. Mbwa hajui kutofautisha kiatu kikuukuu na kipya. Ukimpa kimoja, umempa ruhusa ya vyote.

(d) Mbadilishie.
Ukimkuta anatafuna ndala, usimkimbize. Ukimkimbiza atadhani ni mchezo, naye atakimbia zaidi. Sema "Acha!" kwa sauti nzito, mara moja tu. Kisha mpe kamba yake. Akiichukua, msifu kwa sauti nzuri na umpapase. Fanya hivyo kila mara, siku baada ya siku. Mbwa hujifunza haraka ni kitu gani kinamletea sifa.

(e) Mlishe vizuri.
Mtoto wa mbwa apewe chakula mara 3 au 4 kwa siku, kidogo kidogo. Akifikisha miezi 6, mara 2 zinatosha. Ugali mtupu haumtoshi. Changanya na dagaa waliotwangwa, mchuzi wa mifupa, au maziwa kidogo. Awe na maji safi wakati wote.

Muulize pia mtaalamu wa mifugo juu ya dawa ya minyoo. Karibu kila mtoto wa mbwa huwa na minyoo. Baadhi ya minyoo hiyo inaweza kuwaingia watoto wetu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kucheza na mbwa.

(f) Mpe banda na mpe kazi.
Familia nyingi hazipendi mbwa aingie ndani, wala aguse vyombo kwa ulimi wake. Basi mjengee banda dogo nje, lenye kivuli, lisilovuja. Usimfunge mchana kutwa. Mchukue shambani au kisimani asubuhi. Mwite kwa jina lake. Mfundishe kukaa na kusubiri. Mbwa aliyetembea na kucheza hulala mchana. Mbwa aliyelala hatafuni viatu.

4. VITU VYA HATARI

Mtoto wa mbwa hachagui. Atatafuna hata kitu kinachoweza kumwua. Jihadhari na vitu hivi:

Gunzi la mahindi. Mbwa hupenda harufu yake. Lakini gunzi haliyeyuki tumboni. Kipande kikimezwa kinaweza kuziba utumbo, na mbwa akafa. Magunzi yatupwe shimoni au yawekwe jikoni kwa kuni.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Hupasuka na kuwa na ncha kali. Inaweza kumchoma kooni au tumboni.

Chupa na mikebe ya dawa. Dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya pamba na sumu ya panya huua mbwa. Huua watoto pia. Zifungiwe mahali pa juu.

Mifuko ya plastiki na betri za tochi. Plastiki huziba utumbo. Betri huunguza mdomo na tumbo.

Maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Mara nyingine tukichinja mbuzi, kondoo au ng'ombe tunaona malengelenge hayo. Ndani yake mna watoto wa tegu. Mbwa akila, tegu hukua tumboni mwake. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi cha mbwa, nayo yanaweza kumwingia binadamu na kumletea uvimbe mkubwa ndani ya mwili. Nyama hiyo izikwe chini sana au ichomwe moto.

5. AKITAFUNA MIKONO YA WATOTO

Mtoto wa mbwa hupenda kucheza na watoto. Huwashika mikono na miguu kwa meno. Meno yake ni madogo lakini makali kama sindano.

Wafundishe watoto mambo matatu. Kwanza, wasimchokoze kwa miguu wala kwa kuvuta mkia. Pili, wasimguse anapokula au anapolala. Tatu, akiuma, waache mchezo mara moja. Wasipige kelele wala kukimbia. Wasimame kimya, kisha waondoke polepole. Mbwa ataona kwamba akiuma, mchezo unakwisha.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa mpole.

Na meno yakitoboa ngozi, tusiseme, "Ni mbwa mdogo tu." Hapo lazima tufikirie kichaa cha mbwa.

6. KUTAFUNA AU KICHAA?

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoenezwa kwa mate. Mbwa mwenye ugonjwa akimwuma mtu, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, mtu huyo anaweza kuupata. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka duniani. Wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaokufa, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa.

Mtoto wa mbwa naye anaweza kupata kichaa. Kwa hiyo tujue tofauti.

Mtoto wa mbwa anayeota meno hutafuna, lakini anacheza. Anakula. Anakunywa maji. Akiitwa anakuja. Analala vizuri.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali ghafla, au aliyekuwa mchangamfu anajificha gizani. Anauma mawe, vijiti, udongo, hata hewa. Sauti yake inabadilika. Anashindwa kumeza, na mate yanachuruzika. Anatembea ovyo, kisha miguu inalegea.

Tena kuna kichaa cha kimya. Mbwa haumi mtu. Taya lake linalegea, mdomo unabaki wazi. Anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni. Hapa ndipo watu wenye huruma huponzwa. Hutia mkono mdomoni mwa mbwa ili kuutafuta mfupa. Usifanye hivyo! Kaa mbali naye. Waondoe watoto. Mwite mtaalamu wa mifugo haraka.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa kwa meno, afanye hivi:

Kwanza, aoshe kidonda papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15.
Pili, asipake majivu, tumbaku, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe.
Tatu, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Akipewa sindano, azimalize zote alizopangiwa.
Nne, taarifa ipelekwe kwa ofisi ya kijiji na kwa mtaalamu wa mifugo. Kama mbwa anaweza kufungiwa bila hatari, afungiwe na kutazamwa kwa siku 10. Mtu asingoje siku hizo zipite ndipo aende hospitali.

Tusichelewe. Sindano huzuia kichaa kabla dalili hazijaonekana kwa mtu. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumponya.

Chanjo ya kichaa kwa binadamu imejulikana tangu mwaka 1885, wakati Louis Pasteur wa Ufaransa alipomchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Chanjo ya mbwa ipo pia. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Siku ya chanjo ikitangazwa kijijini, peleka mbwa wote. Peleka na watoto wa mbwa pia. Usiseme, "Huyu bado mdogo." Mtaalamu ndiye atakayesema ni lini arudi tena. Tunza cheti chake cha chanjo. Kitundike juu, mbwa asije akakitafuna!

7. TUKUMBUKE

Kutafuna ni hali ya utoto. Mbwa akitimiza mwaka mmoja, tabia hiyo hupungua sana, kama alifundishwa vizuri. Tuweke vitu juu. Tumpe kitu chake cha kutafuna. Tumlishe. Tumwelekeze kwa upole. Tumchanje.

Kiatu kikitafunwa, kitashonwa au kitanunuliwa kingine. Mbwa aliyefukuzwa kwa sababu ya kiatu huzurura bila chanjo, na siku moja anaweza kumwuma mtoto wa jirani. Uhai wa mtoto haununuliwi.

MANENO YA KUJIFUNZA

fizi — nyama inayoshika meno
gunzi — kiini cha hindi kinachobaki punje zikitolewa
kichanja — meza au ngazi ya miti ya kuwekea vitu
tegu — aina ya mnyoo unaokaa tumboni
chanjo — dawa ya kuukinga mwili usipate ugonjwa
kufyata mkia — kuuweka mkia katikati ya miguu kwa woga

MASWALI

1. Taja sababu nne zinazomfanya mtoto wa mbwa atafune vitu.
2. Mbwa mzima ana meno mangapi? Yamezidi meno ya utotoni kwa mangapi?
3. Kwa nini haifai kumpiga mbwa kwa kosa alilofanya asubuhi?
4. Kwa nini haifai kumpa mbwa kiatu kikuukuu?
5. Mbwa anaachama, mate yanamtoka, naye hawezi kumeza. Utafanya nini? Hutafanya nini?
6. Kijiji kina mbwa 200. Wachanjwe mbwa wangapi ili wafike 70 katika kila 100?

MAZUNGUMZO KATIKA DARASA

Zungumzeni juu ya mbwa wa kijiji chenu. Je, wangapi wamechanjwa? Wanaozurura ni wa nani? Kubalianeni jambo moja mtakalofanya kabla ya siku ya chanjo. Kisha kila mtu aandike jina la mbwa wake, umri wake, na tarehe aliyochanjwa.